Mia Toa Saba

Mama zangu walizaliwa Misungwi usiku mmoja,
Kulwa mbele, Doto nyuma,
kati yao muda wa maji kuchemka.
Doto ndiye aliyenizaa.
Huko kuja wa pili alikulipizia maisha yake yote:
sokoni Kirumba, mbele ya fungu la dagaa,
mteja hajafunga mdomo, Mama kashataja chenji,
na Kulwa bado anatafuta miwani.

Jumanne tulipanda Bugando sote watatu.
Daktari, kijana, kalamu nyuma ya sikio,
akaweka mezani saa ya kupimia mbio.
Mia toa saba, akasema.
Mkifika, toeni saba tena.

Mama Mkubwa akaanza.
Tisini na tatu. Akavuta pumzi.
Themanini na… ngoja. Ngoja, mwanangu.
Vidole vyake vilihesabu chini ya kanga
nikamwona anapanda kama apandavyo kwake Igogo,
zile ngazi za mawe, mkono gotini,
akisimama kila jiwe la tano
kumsalimu mtu ambaye hayupo
ili asionekane anahema.
Themanini na sita.
Sabini na tisa.
Jiwe lilikuwa palepale lilipokuwa jana.
Sabini na mbili. Hapo akakwama, akacheka:
Akili yangu siku hizi inatembea na mkongojo.
Daktari akaandika kitu kifupi.

Zamu ya Mama.
Tisini na tatu! Chap, kama zamani,
nikajikuta natabasamu.
Kisha kimya.
Hakikuwa kimya cha mtu anayepekua sanduku.
Saa ilikwenda. Feni ilikwenda.
Nje mtu aliitwa jina, akaitika.
Mama akaitazama ile kalamu,
akauliza, kwa upole wake wa biashara:
Nikupimie kopo ngapi, baba?

Koridoni kijana aliniambia kwa sauti ya chini:
Kuchelewa, wote tutachelewa, mama yako mkubwa anachelewa
ila anafika. Huyu mwingine
mwendo umeanguka ghafla, na njia nayo inakatika.
Nilitaka kumuuliza inakatikia wapi.
Nikauliza dawa ni bei gani.

Saa nne usiku simu ikalia.
Sitini na tano, akasema Mama Mkubwa
bila hujambo. Mwambie yule kijana.
Sitini na tano.
Alikuwa ameibeba ile saba tangu asubuhi,
akaishusha ngazi, akaipeleka sokoni,
akasali nayo rozari, akachambua nayo mchele,
hata ikakubali kutoka.

Nani huyo? akauliza Mama kitandani.
Pacha wako.
Akafikiri. Au hakufikiri,
mimi sijui tena kilichomo ndani ya kunyamaza kwake.
Maji niliyobandika kwa ajili ya kumwosha miguu
yakaanza kunong'ona, yakachemka.
Mwambie anisubiri, akasema.

Nikampa simu. Akaishika juu chini,
nikaigeuza.
Upande wa pili Mama Mkubwa, mzito wa kujibu,
alikaa kimya mpaka nikadhani salio limekwisha.

Nipo, akasema.