Pini Tisa

Mizani mpya imefika Ruashi, bado imevaa nailoni.
Kioo chake kinang'aa kama paji la bwana harusi.
Kabwit hakitazami.
Anazunguka nyuma, anapiga magoti, anapapasa
mpaka kidole kinakuta ule mdomo mdogo,
matundu matano juu, manne chini.
"Yupo," anasema,
kama mtu aliyeuliza habari za mgonjwa.

Kijana wa kampuni anacheka:
Mzee, siku hizi kila kitu hupita hewani.

Hewani? Jana hewani ilipita mvua tu.
Kamiyo kumi na moja zilisimama langoni
zikingoja mtandao uamke,
madereva wakamega bukari iliyopoa.

Waya huu hauna haraka.
Hutuma herufi moja, kisha moja, kisha moja,
kama shangazi Ngoie akihesabu pesa za soko:
hasemeshwi, hakosei.
Ila mpatane kasi kwanza, elfu tisa na mia sita.
Msipopatana, ataongea kichaa,
alama za swali na mikia ya panya
ukurasa mzima.

Anakaza skrubu mbili kwa ukucha wa dole gumba.
Kioo kinaandika sufuri, sufuri, sufuri.
Kamiyo ya kwanza inapanda, chuma kinaguna,
na ndani ya waya uzi wa shaba,
uliosafiri ng'ambo ukarudi na jina la kigeni,
unataja uzito wa ndugu zake:
tani arobaini na mbili, kilo mia sita.

Kabwit anaandika pia daftarini, kwa kalamu.
Huwezi kujua.