Dirisha la Stoo

Usisaini bado, Adérito.
Saini inakaa daftarini, vizibo vinakaa masikioni,
na nimeona vijana wakisaini kwa mwandiko mzuri sana
kisha wakavitia mfukoni pamoja na sigara.

Ni saa kumi na moja na nusu, Covilhã bado ni giza,
theluji imelalia paa la ghala la sufu,
na mto Carpinteira unapita chini ya ukuta huu.
Wewe unausikia. Mimi najua tu kwamba upo.

Lete mkono. Sponji hii, rangi ya kiini cha yai,
bei yake haifiki kikombe cha kahawa.
Isokote kati ya vidole mpaka iwe nyembamba.
Si hivyo, unaiponda. Isokote kama mwenye subira.
Sasa pitisha mkono wa pili juu ya kichwa,
vuta sikio juu na nyuma, kama mwalimu alivyokuvuta,
sukuma ndani, shikilia kwa kidole,
hesabu mpaka thelathini.
Itaumuka yenyewe, ijaze tundu
kama unga uliotiwa hamira.
Ikibaki inachungulia nje, umevaa pambo.

Unacheka. Gracinda naye alicheka.
Tulikuwa wasichana wanne kwenye mitambo ya kufuma,
tukiziba kwa pamba, siku tulizokumbuka,
tukizungumza kwa midomo na nyusi.
Humo ndani hakuna aliyejua nani kiziwi:
tulipiga umbea mzima bila sauti,
harusi ya nani, mimba ya nani, mshahara umekwama wapi,
na msimamizi Belmiro hakuambulia neno.
Ilikuwa raha, sitakudanganya.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa.
Hawakusema linakufaje.
Halitoki damu. Halikuamshi usiku kama jino.
Linaanza kupoteza vitu vidogo, vile usivyovihesabu:
nyenje wa Agosti, shomoro wa dirishani,
mdundo wa saa ya mkononi.
Unadhani wamehama.

Kisha yanakwenda maneno, na hayaondoki mazima.
Irabu zinabaki; konsonanti nyembamba zinang'oka moja moja.
Mjukuu wangu ananyoosha kikombe: "Bibi, shika."
Nami nageukia mlango: "Nani kafika?"
Anacheka, nacheka.
Mara ya kumi hakucheka.
Siku hizi anakiweka mezani, kimya, anaondoka.

Wala usifikiri nimebaki na ukimya.
Ukimya ningeupokea, ningeuvutia kiti.
Nimebaki na birika linalopiga mluzi saa zote,
wala sioni jiko nikaliepua.
Kanisani lipo. Kitandani lipo.
Siku ya kumzika Gracinda padri alisoma jina lake
na birika likalifunika.

Umeuliza kitu? Rudia, unitazame.
Aa: ukiziba, utajuaje uzi umekatika?
Hilo ni swali, bora kuliko kicheko.
Weka kiganja kwenye fremu. Mtambo una mtetemo wake,
ukienda kombo mkono utajua.
Na kizibo hakizimi dunia, kinaipunguza tu;
kengele ya hatari itapenya.
Ila usivitoe mle ndani kwa "dakika mbili tu".
Mimi masikio yangu yalikwenda kwa dakika mbili mbili,
miaka ishirini na sita.

Vikichafuka, njoo uchukue vingine.
Hapa ninahesabu sindano, mafuta, hata misumari.
Vizibo sivihesabu.

Haya, kabla hujaingia, nifanyie jambo moja.
Simama karibu na taa, midomo niione.
Huo mto leo unasemaje?

Polepole.

Sawa. Sasa saini.