Uti wa Jani

Urambo, mwezi wa kumi, mvua bado ni maneno.
Lori la kampuni limesimama mbele ya ghala la chama,
injini inanguruma, haizimwi,
na bwana wa miwani anagawa kalamu
kama anayegawa pipi.
"Kurasa kumi na nne tu. Za kawaida.
Asiyeandika atie dole."

Kapela aliishika karatasi juu chini.
Mimi, katibu, niliyeaminiwa kwa shule yangu,
nikaanza wanapoanza wote, neno la kwanza:
*Mkataba huu umefanyika leo baina ya*
nikakwama kwenye *ambaye kwa minajili ya mkataba huu*,
jasho, vumbi la dizeli,
na watu sitini wakinitazama mdomo.

Kalunde Mihayo akaninyang'anya.
Mchambuzi wa gredi, mikono myeusi kwa gundi ya tumbaku.
Nikadhani anapekua tu.
Alianzia mwisho, penye sahihi.
Akarudi mbele, akagusa vichwa kwa kidole gumba:
Malipo. Pembejeo. Makato.
Aya za heshima akaziruka kama madimbwi.
Nyingine akazionja sentensi ya kwanza, akatema,
jicho likiwinda vijineno vyenye miiba:
*isipokuwa*,
*endapo*,
na tarakimu popote zilipochutama.

"Mtumba una majani mangapi?" aliniuliza, hakuinua uso.
"Ukipapasa kila moja, msimu utakukuta hapo hapo.
Shika uti. Jani lenyewe litasema."

Ukurasa wa kumi na moja, kidole kikasimama.
"Hapa. *Endapo mvua zitachelewa,*
*deni la mbolea litabaki kwa mkulima,*
*pamoja na riba.*"
Akasoma tena, kwa sauti ya mnada.
Bwana wa miwani alitazama saa yake.
Dakika nne.
Injini ikazimwa,
tukasikia njiwa juu ya bati.

Hakuna dole lililotiwa siku ile.

Usiku nikapita kwake, nina haya zangu,
nikamkuta na taa ya sola, mkataba magotini,
ukurasa wa pili,
midomo ikitembea neno kwa neno, kama mtoto wa darasa la kwanza.
"Si ulishausoma?"
"Nilibisha hodi," akasema.
"Sasa ndiyo naingia."
Akalowesha kidole kwa ulimi,
akakiweka pembeni mwa karatasi,
na hakufunua.