Shavu la Kushoto

Punta Arenas, Oktoba. Upepo unagonga bati
kama mdai asiyeamini kwamba mwenye nyumba katoka.
Redioni wametangaza tena: tobo la ozoni limetufika utosini,
watoto wavae kofia, wazee wasikae uani.
Nélida Huenteo anashuka ngazi kumi na nne
hadi maabara isiyo na dirisha
na kuwasha taa nyeusi.

Si nyeusi kweli. Ni urujuani unaojiendea,
rangi inayofika ukingo wa jicho na kuuvuka,
na huko ng'ambo, hatua moja tu,
jicho likiwa limeshakata tamaa,
ndiko inakofanya kazi yake.
Urujuanimno wa karibu. Jirani.
Yule wa mbali ni mkatili wa wazi:
huingia na panga, huufuata uzi wa urithi moja kwa moja,
dakika mbili, kwisha.
Huyu jirani hana haraka.
Hupiga hodi kwenye seli,
na wanaomfungulia ni wa humo humo ndani:
punje za chuma, rangi zilizo ndugu na wekundu wa damu.
Huwachochea. Nao huichochea oksijeni,
na oksijeni iliyokuwa pumzi
hugeuka kuwa moto.
Kikulacho ki nguoni mwako,
hata ukiwa huna nguo,
hata ukiwa mdogo kuliko vumbi la nguo.

Anahesabu visahani vya jana.
Kile ambacho hakikuonja mwanga: makoloni hayahesabiki,
uji uliomwagika.
Muda wa saa mbili: mia tatu kumi na mawili.
Saa nne: arobaini.
Saa sita: saba.
Kila koloni analitia nukta ya wino chini ya kioo
asije akalihesabu mara mbili.
Wapo ambao hawakufa, walisita tu,
wakaacha kukua kwa muda
kama watu waliosikia kitu barazani
wakashusha vijiko.

Na kwenye sahani yenye dawa,
pale ambapo hapakutakiwa kuota chochote,
yameota matatu.

"Andika," anasema Daktari Vrsalovic, akichangamka
kama mtu aliyeletewa barua.
Mwanga haukuyafundisha kitu.
Ulikosea kuyaua, basi.
Herufi moja kati ya milioni nne na ushei
ilirekebishwa na fundi mwenye haraka, gizani,
ikanakiliwa, ikanakiliwa,
na sasa kosa lina ukoo.

Nélida anashika kalamu, na anamwona baba yake.
Eliseo: miaka thelathini na mmoja akiendesha lori la kondoo
barabara ya kaskazini, nyika na uzio, nyika na uzio,
dirisha likiwa mkono wa kushoto, limefungwa kwa ajili ya upepo.
Shavu la kulia bado la bwana harusi.
La kushoto limekunjamana kama ngozi ya kiatu,
na karibu na sikio kuna doa
ambalo ukingo wake haujui unaishia wapi.
"Kutu," husema yeye. "Gari na dereva, wote tuna kutu."

Mji mzima unalitazama tobo.
Lakini huyu jirani hakuhitaji tobo.
Ozoni haimzuii, kioo cha lori hakimzuii;
alikuwa abiria kabla ya redio kutangaza lolote,
akisafiri bure, mkono begani mwa dereva.

Anaandika: 3.
Anakata. Anahesabu upya.
Anaandika: 3.

Anazima taa. Koti lake lililokuwa liking'aa samawati
linarudi kuwa koti.
Ngazini anapiga simu.
"Baba, umekaa wapi?"
"Dirishani. Leo kuna jua zuri, na upepo hauingii."
"Geuza kiti."
Kimya. Upepo, huku na huko, upepo ule ule.
"Nigeuze kiti," anasema mzee, "nitazame ukuta?"
"Alhamisi tunakwenda hospitali. Hukusahau?"
"Sikusahau," anasema.
Anasikia kiti kikiburuzwa.
Hajui kimeelekea wapi.