Mlango Umeshikwa

Oulu, saa tisa usiku, theluji imeziba dirisha.
Sinikka anabonyeza tena; chombo kinakohoa, kinakufa,
kikitapika mistari mia mbili ya lawama.

Java ni ya zamani? Ameisasisha.
Njia ya nyumbani? Ameiandika upya, herufi kwa herufi.
Kumbukumbu haitoshi? Amekiongezea giga mbili,
kama mgonjwa anayebembelezwa kwa uji.

Bado.

Ndipo anausoma mstari wa kwanza,
ule aliokuwa akiuruka:
mlango umeshikwa.

Na nani? Anafuatilia namba
hadi kwa programu aliyoiwasha mwenyewe Ijumaa ile,
kabla ya simu ya hospitali, kabla mama hajaitwa marehemu,
akaisahau ikingoja humo gizani, siku tisa, imeshika kitasa.

Kidole chake kinasita juu ya kitufe.