Toa Kreti Kwanza

Mnisamehe, hili shairi mizani haikutimia.
Mizani niijuayo mimi ni ya kiwandani Igogo,
sahani ya bati, kutu pembeni, namba nyekundu,
na kanuni moja aliyonipa Bi Nyamisana wa zamu
siku yangu ya kwanza, mikono ikinitetemeka:
Toa kreti kwanza. Tunanunua samaki, hatununui plastiki.

Miaka kumi na saba natoa kreti.
Kilo mbili na robo, natoa,
naandika sangara peke yake.

Sasa mji mzima umefungua mizani.
Tangu Jumatatu, Bwana Luchagula alipopanda kizimbani
na shati jeupe lililopigwa pasi na mtu mwingine,
Kirumba wanapima, Mabatini wanapima,
saluni, kwenye kahawa, hadi foleni ya Bugando
watu wenye dripu mkononi wanapima.

Kwake yeye hawatoi kreti.
Wanampima na paa la kanisa la Nyakato,
na jezi za timu, na madawati mia mbili,
na lile gari la wagonjwa lenye jina lake ubavuni.
Namba inapanda. Mtu mzito huyu, wanasema.
Mzito kweli. Nani amwinue?

Sundi wamempima kreti tupu.
Sketi. Saa ngapi. Alijipaka nini.
Mama yake aliyezaa na wanaume wawili kule Ukerewe.
Kwa nini alinyamaza toka Machi hadi Oktoba,
na ile simu mpya kainunua kwa pesa gani.
Samaki mwenyewe, yaani lile jambo,
hakuna aliyemtua sahanini.

Wapo na wa upande wa pili, nisiwafiche.
Jana walipiga mawe geti la Capri Point,
wakachoma duka la shemeji yake
ambaye kosa lake ni kuuza mabati.
Nikamwona Malongo mbele kabisa, jiwe mkononi,
Malongo yule yule aliyekuwa akimfungulia mlango wa gari
na kuwaambia wasichana wapya:
Bosi akikuita nenda, usijitie ubishi.
Ana hasira Malongo.
Hasira za mtu anayeogopa kukumbukwa.

Na mimi?

Tarehe kumi na tisa Machi nilikuwa zamu ya usiku.
Mlango wa chumba cha mabondo ulifunguka
saa saba na dakika ishirini.
Akatoka Sundi, buti moja la mpira mguuni,
la pili amelikumbatia kama mtoto.
Akanitazama. Nikamtazama.
Nikauliza swali ambalo siku hizi usiku
linaniuliza mimi:
Umesaini kutoka?

Akasaini. Kalamu yangu, wino wa bluu.
Jina limepinda mpaka nje ya mstari.
Dakika nane baadaye akatoka Bwana.
Habari ya kazi, Wande. Nzuri, nikasema.
Mwisho wa mwezi bahasha yangu ilizidi elfu hamsini.
Sikuuliza. Nilinunua sare ya shule.
Asubuhi hii mwanangu kaivaa, mkono umeanza kumfupia.

Hiyo ndiyo kreti yangu. Naitoa.

Daftari lipo. Lilikuwa chini ya gunia la mchele,
mchele wote sasa unanuka sangara.
Wakili wake amesema usiku ule hapakuwa na mtu.
Mume wangu hajanisemesha tangu juzi.
Mbele za watu wa Igogo napita haraka,
wengine wananiita shujaa, wengine mchawi,
na hakuna hata mmoja aliyeliona daftari.

Kesho saa tatu kesi inatajwa.
Nimelifunga kwenye kanga kuukuu, fundo mbili.
Hukumu siijui, hakimu anayo kazi yake.
Mimi nitafungua ukurasa, niweke kidole
pale wino ulipotoka nje ya mstari,
kisha nikiondoe kidole.

Na wakinisimamisha mlangoni, wale na hawa,
waniulize, Wande, lina uzito gani?
nitawaambia sijui.
Bado, jamani.
Halijapimwa.