Bei ya Zabibu

Weka kalamu chini kwanza, Yusta.
Umeniuliza nikumbushwe vipi,
na fomu yako ina mstari mmoja: Namba ya simu.
Namba ninayo. Kazi ipo kwenye simu.

Simu yangu hulala dukani kwa Lechipya,
kwenye ule ubao wa nyaya,
mia tatu kuchaji, simu kumi na nne
zimelala ubavu kwa ubavu kama wagonjwa wa wodini.
Mwezi wa nane ujumbe wenu uliingia hapo.
Kioo kikawaka. Kijana wake akausoma kwa sauti
akidhani ni wa bahati nasibu:
Ndugu mteja, umekosa tarehe yako ya dawa.
Dawa.
Hombolo si mjini, Yusta.
Kufika jioni nilishagawiwa magonjwa matatu,
na mawili kati ya hayo sina.

Wala sikuwa nimesahau.
Nilikuwa na kreti ishirini chini ya turubai,
lori la mnunuzi lilisema saa mbili asubuhi,
likaja saa kumi,
na zabibu haijui kadi ya kliniki;
ikinyauka, imenyauka.

Kwa hiyo usiniandikie.
Usimtume yule mhudumu wa kijiji,
mtu mwema, lakini fulana yake ina maandishi mgongoni
na watoto wa shule wako likizo.
Nibipu.
Mara mbili, jua likielekea kuzama, ukate.
Nitajua ni kesho.

Nisipotokea, hapo sasa piga.
Jifanye mnunuzi kutoka Dodoma, uliza bei.
Akipokea mkwe wangu atakutajia bei ya kukufukuza;
usicheke, sema utaongea na mama mwenyewe.
Nikipokea mimi nikakwambia, "Zimeiva,"
ujue nimeshavaa viatu.
Nikisema, "Bado mbichi,"
nipe siku mbili, vidonge vya kunivusha ninavyo.

Na simu ikiita mpaka ichoke,
usikimbilie kitabu cha wino mwekundu.
Usiniandike mtoro.
Mimi sijamtoroka mtu maishani,
hata yule niliyepaswa kumtoroka
nilimuuguza mpaka mwisho.
Andika tu: hajapatikana.
Kisha siku ukipita njia ya bwawani
tazama kushoto, safu ya nne baada ya mnyaa,
uangalie kama imepogolewa.
Mzabibu uliopogolewa una mwenyewe.

Haya, shika kalamu.
Sifuri, saba, tano, nne…
ngoja, nimeiandika nyuma ya kadi,
jasho limekula wino.
Hii ya mwisho ni moja au saba?
Muulize Lechipya, anaijua kwa kichwa.

Hapana.
Usimuulize Lechipya.